Rafu ya Mwalimu Nusu-Ubao

Mwezi wa nne ulikuwa umeshaingia tangu Mwalimu ahamie katika nyumba ile ya vyumba viwili, juu ya duka la madaftari, na sanduku lake kubwa lilikuwa bado limesimama nyuma ya mlango, zipu imefungwa mpaka mwisho. Kila asubuhi alilifungua, akachomoa moja ya yale magauni ya vifungo vya mbele aliyoshonewa na mama yake, akalifunga tena. Ungemuuliza sababu, angekwambia kabati ni dogo. Kabati lilikuwa tupu, halina hata hanga moja.

Sababu yenyewe aliijua vizuri. Siku anaondoka kwao kwenda kufundisha hesabu katika nchi ya watu, alimwambia mama yake, "Muhula mmoja tu, Mama. Naonja, narudi." Na mtu anayeonja hapangi nguo kabatini.

Sasa muhula ulikuwa umekwisha. Mkuu wa shule alimpa mkataba mpya wa miaka miwili, akamwambia aurudishe Jumatatu, awe ametia saini au hajatia. Ulikuwa juu ya meza, chini ya kopo la sukari. Na kana kwamba hilo halikutosha kumnyima usingizi, Alhamisi mama yake alishuka kwenye basi na mkoba mmoja mdogo, na ndani ya mkoba tiketi mbili za kurudi nyumbani. Tiketi zilikuwa za Jumapili. Leo ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi.

"Kila ukipita hapo mezani unauchungulia," mama akasema. Alikuwa amekaa dirishani anapinda pazia ambalo hakuna aliyemwomba alipinde. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na futi yake ya kupimia nguo ilining'inia shingoni hata safarini. "Unausoma au unauaga?"

"Nausoma, Mama."

"Haya. Ile shule ya karibu na kwetu wanatafuta mwalimu wa hesabu. Nimeshazungumza nao. Utalala kwako, utakula kwako, na ukiumwa kichwa kuna mtu wa kukwambia kalale. Hapa nani atakwambia?"

"Siumwi kichwa."

"Nikipiga simu unasema uko salama. Nikikuuliza umekula, uko salama. Nyumba inavuja, uko salama! Mwanangu, mimi sikukuzaa jana. Mtu anayejibu hivyo ana lake jambo."

Mwalimu akajitia kufuta meza iliyokuwa safi. Jambo lake lilikuwa kwenye bega la kulia, na alikuwa amelificha mwaka mzima. Aliteleza kwenye ngazi zenye maji, kule kwao, mikononi amebeba sanduku la karatasi za mtihani. Alikwenda hospitali peke yake, akamwambia mama ameteguka kidogo tu. Mfupa uliunga vibaya. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ukifika usawa wa sikio unagoma, na hapo hata umbembeleze vipi hauendi juu. Kama angesema, mama asingemruhusu kukanyaga hata stendi ya mabasi. Ndiyo maana hakusema. Na leo, siku moja kabla ya safari, asingethubutu kusema, kwa sababu hapo mama angekuwa amemaliza maneno yote.

"Na huyo fundi wako," mama akaendelea, uzi mdomoni, "anakuja saa ngapi?"

"Si fundi wangu. Ni seremala wa shule. Saa nne."

"Tangu Alhamisi nimesikia habari zake kuliko habari za wanafunzi. Fundi kasema dirisha livutwe hivi. Fundi kasema mlango ulivimba kwa unyevu. Nikajua hata chai tunakunywa kwa ruhusa ya Fundi."

Mwalimu alijua uso wake umemsaliti, akageukia jikoni.

Haya, tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kumtaja. Wiki tatu nyuma shule ilimtuma Fundi aje kumtengenezea rafu ya jikoni, kwa kuwa vyombo vyake vyote vilikaa sakafuni. Fundi mwingine angeingia, akanyoosha futi ukutani, akaandika namba mbili kiganjani, akaondoka. Huyu alivua viatu mlangoni, akauegemea mlango, akasema, "Mwalimu, naomba upike chai."

"Una kiu?"

"Hapana. Pika tu, kama siku zote. Fanya kama mimi sipo."

"Kwani rafu na chai vina uhusiano gani?"

"Rafu si ya ukuta," alisema. "Ukuta hautumii vikombe."

Mwalimu akapika chai kwa aibu. Akainama kuchukua sufuria, akanyoosha mkono kuchukua majani, akahangaika kidogo na kopo la sukari lililokuwa juu ya dirisha, mwisho akalivuta kwa mkono wa kushoto. Fundi alitazama kwa makini na kwa heshima, macho yakifuata mkono na si mtu, na kila baada ya muda akachora mstari mdogo wa penseli kwenye karatasi. Mwalimu hakuwahi kuona mtu akifanya kazi kwa utulivu wa namna ile. Hata walimu wenzake, na walikuwa walimu wazuri, hawakumsikiliza mwanafunzi vile Fundi alivyolisikiliza jiko. Chai ilipochemka alikuwa ameshampenda, ila alichukua siku nyingine kumi kukubali.

Fundi alimwachia mchoro ili autazame. Mwalimu aliuweka mezani, na jioni akasahihisha mitihani ya kidato cha pili, karatasi hamsini na mbili. Mkono ukazoea. Alipofika karatasi ya hamsini na tatu, kalamu nyekundu ilikuwa imeshaandika "Onyesha njia" pembeni ndipo akagundua kwamba anasahihisha mchoro wa rafu. Angeweza kuishia hapo. Lakini akaona kwamba Fundi ameichora rafu chini sana, usawa wa kidevu, na moyo ukamlipuka. Ina maana aliona! Basi akaandika kwa hasira ya mtu aliyekutwa: "Rafu iko chini mno. Pandisha. 6/10."

Fundi alipopewa karatasi yake kesho yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Sita si haba," alisema. "Shuleni sikuwahi kupata sita ya hesabu."

Akaondoka anacheka peke yake ngazi nzima. Mwalimu alibaki mlangoni akisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha.

Hodi ilipigwa saa nne kamili. Fundi aliingia na rafu begani, imefungwa kwenye shuka kuukuu, na penseli nyuma ya sikio. Macho yake yalimtafuta Mwalimu kwanza, yakampata, yakatulia, halafu ndipo yakakumbuka adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimpandisha na kumshusha kwa macho taratibu, yakasimama kwenye pindo la suruali. "Hilo pindo umeshona mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Inaonekana."

"Mama!" Mwalimu akasema.

"Sijamtukana. Nimesema inaonekana." Akarudi kwenye pazia lake. "Endelea na kazi, baba. Usinijali. Fanya kama mimi sipo."

Fundi akamtupia Mwalimu jicho, na Mwalimu akang'ata mdomo asicheke. Ikawa mara ya kwanza tangu Alhamisi kifua chake kupumua vizuri.

Fundi akafanya kazi. Akafunua rafu, na hata mama, aliyejifanya hatazami, akasimamisha sindano. Mbao zilipigwa randa zikawa laini, pembe zote zimeviringishwa kidogo ili mtu asijigonge, na ukingo wa mbele ulikuwa na kizuizi chembamba vikombe visiteleze. Haikuwa na msumari hata mmoja, vipande vimeshikana vyenyewe. Fundi alipima, akatoboa, akaweka pima maji juu yake, akasubiri lile tone la hewa litulie katikati kabisa. Kisha akakaza skrubu ya mwisho na kurudi nyuma hatua mbili.

"Tayari."

Rafu ilikaa usawa wa kidevu cha Mwalimu. Fundi hakuwa ameipandisha hata nusu inchi.

Mama akaja na pazia mkononi. Akaitazama rafu, akamtazama binti yake, akaivuta futi yake shingoni. "Hii mbona fupi?"

Akamgeukia Fundi.

"Kijana, nakuuliza wewe. Mwanangu ni mrefu kunizidi kwa kiganja kizima. Rafu ya jikoni inakaa juu ya kichwa, mtu apite chini yake, akate vitu vyake kwa nafasi. Hii akiinamia meza anajigonga paji la uso. Ulimpima nani?"

Fundi akamwangalia Mwalimu kwa kitambo. Ilikuwa dakika ndogo tu lakini ndani yake Mwalimu alimwona akiuliza na akijijibu mwenyewe. Halafu yule mtu ambaye hakuwahi kukata ubao bila kupima mara tatu akainamisha kichwa.

"Nimekosea vipimo, mama."

"Umekosea?"

"Nimekosea. Na Mwalimu alinionya." Akachomoa karatasi mfukoni, akaikunjua ili mama aone wino mwekundu. "Hapa ameandika nipandishe. Sikusikia. Ni uzembe wangu."

Mama akaisoma, akatikisa kichwa. "Sita kwa kumi, na bado ukafanya hivyohivyo. Huu si ufundi, ni kubahatisha. Mbao nzuri hivi! Mimi nikikata kitambaa cha mtu hivi sirudi dukani kwa aibu. Haya, ing'oe, ipandishe. Au iache tu. Kesho hakuna mtu hapa wa kuitumia."

"Naing'oa, mama," Fundi akasema kwa upole, akachukua bisibisi.

Mwalimu alisimama kama amepigiliwa pale. Alijua kazi ile ilivyomgharimu Fundi. Alijua jinsi alivyojivunia jina lake, jinsi mkuu wa shule alivyosema kwamba madawati ya yule bwana hata wanafunzi watundu hawayachongi. Na sasa amejiita mzembe mbele ya mama mkwe mtarajiwa, kama kweli kuna siku angekuwa mama mkwe, ili tu siri isiyo yake isitoke. Aliona mkono wa Fundi ukigeuza skrubu ya kwanza. Ubao ukalia kidogo.

"Usiiguse," akasema.

"Mwalimu, si kitu. Nusu saa tu."

"Nimesema usiiguse!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Hajakosea, Mama. Amepima sawa kabisa. Mimi ndiye niliyesahihisha vibaya, tena kwa makusudi."

"Sijaelewa."

"Ameipima kwa mkono wangu."

Mama akamtazama. Hapo ufundi wa miaka arobaini ukaamka, macho yakatoka usoni yakashuka shingoni, yakaenda bega la kushoto, yakaja la kulia. Akaliweka pazia chini.

"Nyanyua mikono yote miwili."

"Mama..."

"Nyanyua."

Mkono wa kushoto ulipanda mpaka juu. Wa kulia ulifika usawa wa sikio, ukatetemeka, ukakwama. Mwalimu aliuacha hapo na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Tangu lini?"

"Zile ngazi. Za shule ya kwetu."

"Uliniambia umeteguka."

"Nilijua ukijua hutaniacha nije."

"Ningekuachaje uje?" Sasa mama alikuwa anapiga kelele, na kelele zile zilikuwa kilio. "Mtoto wa mkono mmoja, peke yake, ghorofani, nchi ya watu! Ungeanguka bafuni nani angejua? Jirani? Muuza madaftari? Ulikuwa unanijibu uko salama na mkono umekufa! Basi imekwisha. Kesho tunaondoka, na mkataba huo nitaufungia vitumbua vya... nitaufungia chochote!"

Mama akaketi kwenye kiti cha jikoni, akaanza kuikunja futi yake na kuikunjua.

"Magauni," akasema taratibu. "Uliniomba nikushonee magauni ya vifungo vya mbele. Nikadhani ndiyo mtindo. Nikashona matano."

"Zipu ya mgongoni siifikii."

"Nikashona matano, sikuuliza hata mara moja." Akamgeukia Fundi. "Na wewe ulijuaje? Alikwambia?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

Fundi alikuwa bado ameshika bisibisi, na alionekana kama mtu anayetamani ukuta umfiche. "Natengeneza madawati pale shuleni. Siku moja nilikuwa nyuma ya darasa lake. Nikaona anaandika nusu ya chini tu ya ubao. Nusu ya juu haiguswi, safi kabisa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nusu-Ubao."

Mwalimu akafunika uso. "Wananiita hivyo?"

"Walikuita. Wanakupenda, usijali. Wananiambia kwako hata hesabu za sehemu zinaeleweka." Akaigeuza bisibisi mkononi. "Nikahisi mkono haufiki. Halafu siku ile ya chai nikaona ulivyochukua sukari kwa mkono wa kushoto, na wewe si mtu wa mkono wa kushoto. Nikawa na hakika."

"Kwa nini walimwita, na sasa hawamwiti?" mama akauliza. Hakuna kinachompita fundi cherehani, isipokuwa kile kimoja.

Fundi akakuna kichwa. "Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula niliuteremsha ubao."

"Ulifanya nini?" Mwalimu akasema.

"Kiasi hiki." Akaonyesha kwa viganja. "Nikapaka ukuta rangi, alama zisionekane. Madawati ya nyuma nikayaongeza miguu ili wa nyuma waone. Nikaongea na mkuu wa shule, nikamwambia ni matengenezo. Nayo ni matengenezo."

Mwalimu alimkazia macho. Alikumbuka Jumatatu ile baada ya mapumziko. Alikuwa ameanza swali la pembetatu juu kabisa ya ubao, mahali ambapo hakuwa amefika kwa mwaka mzima, na furaha ilimjaa mpaka akasahau kanuni mbele ya darasa. Jioni yake alitembea kwa miguu mpaka nyumbani akiimba.

"Nilidhani napona," akasema.

Fundi akashtuka. Hilo hakuwa amelipima. "Mwalimu, sikujua..."

"Wiki sita nimekuwa nikijiambia bega linapona. Nikawa nalifanyisha mazoezi asubuhi. Kumbe ni wewe, na bisibisi yako!"

"Nisamehe. Sikutaka kukudanganya. Nilitaka uandike ubao mzima, basi. Ulikuwa unatazama ile nusu ya juu kwa namna fulani. Sikuweza kuendelea kuiona namna ile."

"Ungeniambia."

"Ulificha kwa juhudi. Nikaona mtu akificha kwa juhudi hivyo, heshima ni kutojua." Sauti yake ikashuka. "Mimi sijui kusema maneno, Mwalimu. Najua kutazama, na kupima, na kukata. Ningejua kusema ningekuwa nimeshakwambia mambo mengine mengi tangu siku ile ya chai."

Mwalimu hakujua acheke au alie, kwa hiyo alifanya yote mawili, na akapangusa pua kwa pazia la mama yake. Alimtazama yule mtu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, akamwona mzuri kupita kiasi. Alikuwa amemkasirikia kidogo na anampenda sana, na hisia hizo mbili zilipatana ndani yake bila ugomvi.

Mama akakohoa. Walikuwa wamemsahau.

"Kijana, nikutolee uvivu. Unamtaka mwanangu?"

"Mama, jamani!"

"Nyamaza, nimemuuliza yeye."

Fundi akaiweka bisibisi juu ya rafu, akasimama wima. "Namtaka, mama. Kwa heshima zote."

"Mwanangu ana shahada mbili. Wewe?"

"Mimi nina karakana, na mama yangu mzazi, na mbwa mmoja. Na hiyo sita."

Mdomo wa mama ulicheza pembeni, akaurudisha mahali pake. Akainuka, akaenda kwenye rafu. Alipitisha kidole kwenye pembe iliyoviringishwa, akagusa kile kizuizi cha vikombe, akainama kutazama maungio kwa chini, mahali ambapo hakuna mgeni angetazama. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akachukua kikombe sakafuni, akampa binti yake.

"Weka."

Mwalimu akakipokea kwa mkono wa kulia. Akakiweka kwenye rafu bila kujinyoosha, bila kukunja uso, bila kuomba msaada wa mkono wa kushoto. Akakitoa, akakirudisha.

"Miaka arobaini napima watu," mama akasema akiwa amewapa mgongo. "Mtu akiingia dukani, kabla hajakaa najua kiuno chake na uongo wake. Na bega la mwanangu mwenyewe likanipita. Nilikuja kukuchukua kwa sababu nilisema huku hakuna wa kukuona."

Hakumalizia. Alifungua mkoba wake, Mwalimu akadhani anatafuta leso, lakini akatoa zile tiketi mbili na kuzitazama.

"Basi la kesho lina viti vyembamba," akasema. "Kile cha pili nitaweka mkoba wangu. Na mimi nina miguu, inataka nafasi."

"Mama?"

"Usinikumbatie, nina sindano." Akakumbatiwa hivyohivyo. "Nimesema habari ya kiti tu! Hilo jingine," akamwelekezea Fundi kidole juu ya bega la binti yake, "sijasema ndiyo. Hilo utakuja kulisema kwetu, mchana, na watu wako wazima, na suruali iliyopindwa na fundi."

"Nitakuja, mama."

"Leta suruali nikuonyeshe. Na wewe, Nusu-Ubao, sanduku lile linanitia aibu tangu Alhamisi. Mwalimu mzima anaishi kama abiria!"

Akalivuta mwenyewe mpaka chumbani, huku analisema lile sanduku kama mtu. Wakasikia zipu ikifunguka mpaka mwisho.

Mwalimu akaondoa kopo la sukari, akauvuta mkataba. Akachukua kalamu iliyokuwa karibu.

"Si kwa wino mwekundu!" mama akapaza sauti kutoka chumbani, sijui aliona kwa macho gani. "Kuna kalamu kwenye mkoba wangu. Ya kuandikia vipimo vya wateja."

Akatia saini kwa kalamu ya mama yake. Halafu, kwa kuwa ile nyekundu ilikuwa bado mkononi, akamnyooshea Fundi kiganja. "Lete karatasi yako."

Fundi akampa. Chini ya ile sita, Mwalimu akaandika maneno mawili ambayo hakuwahi kuyaandika kwenye karatasi ya mtu yeyote: "Mwalimu amekosea."

Fundi akasoma, akakunja, akarudisha mfukoni upande wa moyo. "Sasa ni ngapi?"

"Sijui. Bado nasahihisha."

"Nitasubiri matokeo."

"Subiri. Nakawia sana mimi na karatasi nzuri."

Wakatazamana, safari hii bila kuibia. Pengine wangetazamana mpaka adhuhuri kama mama asingepaza sauti tena.

"Kabati hili halina hanga! Wala fimbo ya kuzitundikia! Nitundike wapi magauni matano?"

"Fundi atatengeneza, Mama."

"Basi aje apime, anangoja nini? Mimi naondoka kesho!"

Walikwenda chumbani. Mama alikuwa amejaza kitanda nguo, na sanduku lilikuwa limelala chini, tupu. Fundi akafungua milango ya kabati, akachukua penseli nyuma ya sikio, akamtazama Mwalimu, na safari hii hakumwomba apike chai.

"Mpaka wapi?" akauliza.

Mama akaacha kukunja nguo. Mwalimu akasogea mbele ya kabati, akainua mkono wa kulia, mbele yao wote wawili, mpaka ulipoishia. Akauacha hapo, hata ulipoanza kutetemeka, mpaka Fundi alipomaliza kuweka alama.